Tangi la lita 1,300 Kigoma: boksi lilisema filta zinatosha

Tangi lina urefu wa mita 3 na upana wa sentimita 80, na maji husimama kwenye kina cha sentimita 62. Ukizidisha unapata karibu lita 1,490. Ukitoa nafasi ya mawe yaliyopangwa ndani, maji halisi ni kama lita 1,300. Liko mapokezi, kwenye nyumba ya wageni upande wa Bangwe, Kigoma. Ndani kulikuwa na frontosa 18, wale wa milia wanaotoka ukanda huu wa Ziwa Tanganyika, na gogogo wa madoa wachache. Filta zilikuwa mbili, aina ya kopo: mtungi uliofungwa kabisa unaokaa chini ya meza. Maji hushuka kwa mpira mmoja, hupita kwenye sponji na vipande vya udongo wa kuchoma, kisha mota iliyo kwenye kifuniko huyarudisha juu.

Usiku mmoja umeme ulikatika saa nne ukarudi saa tisa. Alfajiri frontosa 7 walikuwa wamekufa, na waliobaki walikuwa wameng'ang'ania juu ya maji wanahema. Maji yalikuwa na ukungu na harufu ya yai bovu.

Mama mwenye nyumba aliponiita alikuwa ameshapewa majibu ya kila namna. Kuna aliyemwambia ni maji ya bomba, mwingine akamwambia samaki wa ziwani hawawezi kukaa kwenye kioo. Yeye alikuwa na swali moja, na lilikuwa swali la maana.

“Fundi, boksi limeandikwa filta moja inatosha lita 800. Mimi ninazo mbili. Tangi langu halifiki hata 1,400. Sasa shida iko wapi?”

Kwa kujumlisha alikuwa sahihi. Ila kazi ya filta ni kushughulikia kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula, na aliyeandika lile boksi hakujua Mama ana samaki wangapi, wakubwa kiasi gani, wala wanalishwa nini. Lita 1,300 zenye samaki wadogo kumi na mbili zingekaa salama na filta moja kati ya zile mbili. Lita zilezile zenye frontosa 18 wanaokaribia urefu wa kiganja na vidole, tena wanaolishwa na kila mgeni anayepita, ni kazi nyingine.

Kwa hiyo kabla ya kugusa filta nilimwomba kijana wa mapokezi achukue kikombe cha chai. Kila atakapotaka kuwapa samaki chakula siku hiyo, akitie kwenye kikombe badala ya tangini, na watoto wa wageni wakija wafanye hivyohivyo. Jioni tulikipeleka kwenye mizani ya duka la jirani. Gramu 80 za punje, na mfuko wa chakula umeandikwa protini asilimia 40. Samaki walilala njaa siku hiyo na hawakupungukiwa na kitu.

Wafugaji wa samaki wana kanuni ya makadirio: chukua gramu za chakula, zidisha kwa sehemu ya protini, zidisha tena kwa 0.092. Unapata gramu za amonia zitakazoingia majini kwa siku, zikihesabiwa kama naitrojeni. Hapa ni 80 × 0.4 × 0.092, yaani gramu 2.9. Ni kiasi kidogo ukikisikia, mpaka uulize kinakwenda wapi.

Amonia hiyo haizuiliwi na sponji. Inaliwa na bakteria waliojishika kwenye kila sehemu yenye ute ndani ya filta. Kundi moja huigeuza kuwa nitriti, jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Ili wafanye kazi hiyo wanahitaji maji yapite kwao kwa wingi wa kutosha, wanahitaji eneo la kukaa, na wanahitaji oksijeni, karibu gramu 4.6 kwa kila gramu moja ya naitrojeni ya amonia. Filta hizi mbili nilizipima kwa mambo hayo matatu.

Kwanza wingi wa maji. Kila boksi liliandika lita 1,400 kwa saa. Nikaweka ndoo ya lita 10 kwenye mdomo wa bomba la kurudishia: filta ya kwanza iliijaza kwa sekunde 58, ya pili kwa sekunde 68. Hiyo ni kama lita 620 na 530 kwa saa, jumla 1,150 badala ya 2,800. Hakuna uongo wa ajabu hapo. Namba ya boksi hupimwa mtungi ukiwa mtupu. Weka sponji, weka uchafu wa wiki tatu, yapitishe maji kwenye mpira mrefu, na ndivyo inavyobaki. Ndoo na saa ya simu ni vipimo ambavyo kila mwenye tangi anavyo nyumbani, lakini wengi hawavitumii kwa kazi hii.

Tuseme bakteria wanaondoa nusu ya amonia kila maji yanapopita, na mimi nisingependa kudai zaidi ya hapo. Maji ya lita 1,150 kwa saa ni lita 27,600 kwa siku. Kuondoa miligramu 2,900 kwa siku kwa wingi huo wa maji, lazima amonia ndani ya tangi isimame kwenye karibu miligramu 0.21 kwa kila lita, hata kabla umeme haujakatika. Mama alikuwa na vipimo vya matone na daftari. Wiki nyingi kabla ya msiba rangi ilikuwa ileile: 0.25. “Nilionyeshwa chati, robo ni kidogo,” aliniambia, na mahali pengi kweli ni kidogo.

Kigoma si mahali pengi. Maji ya mji huu yanatoka ziwani, na Ziwa Tanganyika lina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, ya karibu 8.6 hadi 9.2. Tangi la Mama lilisoma 8.8. Watu wa Ulaya wanaofuga samaki hawa hununua chumvi maalumu za kupandisha pH ifanane na ziwa letu, sisi inatufikia kwa bomba. Hiyo ni neema kwa frontosa na ni balaa kwa mwenye filta ndogo, maana amonia huwa na sura mbili majini. Sura moja haina madhara makubwa, nyingine hupenya matamvua na kuua, na pH ndiyo inayoamua zinagawanaje. Kwenye nyuzijoto 25, maji ya pH 7 yana sehemu ya sumu isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 ni zaidi kidogo ya asilimia 5, kwenye 8.8 ni asilimia 26, na kwenye 9 ni 36. Robo miligramu ya Mama, kwa maji ya pH 7, ingekuwa na sumu ya miligramu 0.0014. Kwa maji ya Kigoma ilikuwa 0.065. Kipimo ni kimoja, rangi ni moja, sumu ni mara 46. Wafugaji wengi huweka mwisho kwenye 0.02 au 0.025. Samaki hawa walikuwa wakiishi juu ya mpaka huo kila siku, wamechoka tayari, usiku ule ulipofika.

Usiku wenyewe ndio uliofanya nizikatae filta za kopo moja kwa moja, hata kama zingeongezwa ziwe nne. Kopo limefungwa. Mota ikisimama, maji yaliyomo, lita 5 hivi, hayabadiliki tena. Kigoma iko karibu mita 775 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto letu maji yaliyojaa hewa vizuri hubeba oksijeni kama miligramu 7 na ushee kwa lita. Kwa hiyo mtungi mzima una chini ya miligramu 40, nao umejaa tope la kinyesi linalooza na kuvuta oksijeni hiyohiyo. Haichukui muda mrefu kuisha. Baada ya hapo bakteria wazuri wanadhoofika na kufa, tope linaendelea kuoza bila hewa, na amonia pamoja na gesi ya yai bovu vinakusanyika ndani. Saa tisa umeme uliporudi, mota ziliwaka zenyewe na kumwaga mitungi miwili ya maji hayo juu ya samaki ambao nao walikuwa wamekaa saa tano bila maji kutikiswa. Kijana wa zamu alikuwepo. Aliona taa zimewaka, akafurahi, akalala.

Ukiwa na tangi la lita 200 sebuleni Gungu, filta ya kopo ni kifaa kizuri, na umeme ukikatika unaweza kuifungua na kuiosha kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha. Kwenye nyumba ya wageni huwezi kumtegemea mtu wa zamu ya usiku akumbuke hilo. Nilihitaji filta ambayo umeme ukikatika haiozi.

Mama alikuwa na wazo lake la kuachana na filta kabisa: ziwa lile pale, tuvute maji mapya muda wote. Niliheshimu wazo hilo kwa kulipigia hesabu. Hata tukipunguza chakula kiwe gramu 50, amonia ni gramu 1.84 kwa siku, na kuishusha hadi miligramu 0.1 kwa lita kwa kubadilisha maji peke yake kunataka lita 18,400 kila siku. Alicheka, tukaendelea.

Tulichokijenga ni pipa. Pipa la bluu la plastiki la lita 200, limetobolewa chini, limesimama juu ya fremu ya vyuma iliyochomelewa Mwanga (ya Kigoma, si ya Kilimanjaro), ndani ya chumba cha stoo nyuma ya ukuta wa mapokezi. Chini ya fremu kuna sampu, tangi la plastiki la lita 300. Maji yakifika ukingoni mwa tangi kubwa yanafurika kwenye bomba la inchi mbili, yanapita ukutani, yanaangukia kwenye sponji nene mbili juu ya pipa, kisha yanadondoka taratibu katikati ya hewa hadi kwenye sampu, na pampu inayarudisha. Urefu ulikubali: uso wa maji ya tangi uko sentimita 142 kutoka sakafuni, mdomo wa pipa 123.

Ndani ya pipa, kwa ajili ya bakteria kujishika, nilifikiria kokoto kwanza. Kokoto za milimita 20 hutoa eneo la kama mita za mraba 180 kwa kila mita ya ujazo, na kwa maji yenye amonia kidogo mimi huhesabu gramu 0.1 tu ya naitrojeni kwa mita ya mraba kwa siku. Gramu 1.84 zinataka mita 18.4, basi kokoto lita 100, na lita 100 za kokoto ni kilo 160. Fremu ingebeba. Anayekuja kuziosha mwakani asingezipenda. Ndipo nikaviona vifuniko vya chupa za maji kwenye stoo ileile, magunia kwa magunia, vikingoja mnunuzi wa plastiki. Kifuniko kimoja, ndani na nje, kina eneo la kama sentimita za mraba 42, na kopo la lita moja lilichukua kama hamsini. Hiyo ni mita 0.21 kwa lita, inashinda kokoto, na uzito wake anaubeba mtoto. Tuliviosha, tukavitoboa kila kimoja ili visishike maji, tukajaza lita 120 hivi. Vijana wa jikoni walitoboa jioni nzima kwa msumari uliopashwa moto wakilalamika, na walikuwa na haki.

Umeme ukikatika, vifuniko vinabaki vimelowa na vimezungukwa na hewa. Bakteria wanapumua. Maji yakirudi yanawakuta kazini. Hakuna mtungi wa kumwaga maji yaliyooza.

Jambo moja ambalo mafundi wengi wanaojenga sampu hulisahau mpaka sakafu ilowe: pampu ikizima, maji ya juu hushuka. Uso wa tangi hili ni mita za mraba 2.4, na maji yakishuka sentimita 2 tu mpaka chini ya mdomo wa bomba, lita 48 zinakuja stoo. Yapo na yale yaliyokuwa njiani ndani ya pipa. Sampu inafanya kazi ikiwa na lita 200, hivyo zinabaki 100 za kupokea. Kwenye bomba la kurudishia nilitoboa tundu dogo chini kidogo ya uso wa maji, lianze kuvuta hewa mara maji yanaposhuka, la sivyo bomba lingeendelea kunyonya tangi mpaka lilipozama. Tulizima pampu kwa makusudi mara kadhaa huku Mama akiwa amesimama stoo na ufagio wa maji mkononi. Hakuutumia.

Pampu iliandikwa lita 6,000 kwa saa. Ndoo ilijaa kwa sekunde 11, yaani lita 3,270. Kwa chakula cha gramu 50, amonia ikibaki 0.1 na nusu ikiondolewa kila maji yanapopita, hesabu inadai kama 1,530, kwa hiyo imezidi mara mbili, na ndivyo nilivyotaka. Kuna watu watasema tangi linapaswa kuzungushwa mara nne au zaidi kwa saa, na hili halifiki hata mara tatu. Kanuni hiyo inasaidia kuinua uchafu kutoka chini ya mawe, na kwa kazi hiyo tuliweka pampu ndogo ndani ya tangi inayosukuma maji sakafuni kuelekea bomba la kufurika. Kuipitisha yote kwenye filta ni kulipia umeme bure.

Pampu kubwa inakula wati 65, kama uniti 47 kwa mwezi kwenye LUKU. Nyumba ina jenereta, ila inawashwa wageni wakilalamika, na usiku wageni wamelala. Tukaifunga pampu kwenye inveta na betri ya sola ya amp 100. Ukitumia nusu tu ya betri, inaiendesha karibu saa nane.

Iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu kwa Mama. Filta haiiondoi naitrojeni, inaigeuza sura tu. Kila gramu ya amonia iliyoliwa inarudi majini ikiwa nitrati, na kwa chakula cha gramu 50 kila siku, nitrati ingepanda miligramu 38 kwa lita kila wiki. Kubadilisha nusu ya maji kila Jumamosi kungeiacha ikipanda mpaka karibu 76 kabla ya kila badiliko. Kupanua pipa hakusaidii hapo hata kidogo. Tulikubaliana gramu 30, siku sita kwa wiki, siku ya saba hakuna chakula. Hapo nitrati inafika kama 39 na kushuka hadi 20 baada ya kubadilisha. Maji mapya, lita 750 (nusu ya 1,300 za tangi na 200 za sampu), hukaa kwanza siku nzima kwenye tangi la nje lisilo na mfuniko, yakitikiswa kwa pampu ndogo ya hewa, ili klorini itoke. Klorini haichagui, ikiua vijidudu vya bombani inaua na bakteria wa kwenye vifuniko.

Wageni sasa hawalishi. Kikombe chenye punje za siku kinapimwa asubuhi na kukabidhiwa kwa mtu mmoja. Mama alitaka pia aweke kuhe, kwa kuwa wageni wanamla mezani na wangependa kumwona hai. Kuhe ni miongoni mwa sikilidi (ukoo mmoja na frontosa) wakubwa kabisa duniani, anapita nusu mita kwa urefu na ana mdomo wa kummeza frontosa mchanga. Nilimwambia, Mama, huyo muache ziwani na kwenye sahani. Frontosa 7 waliokufa hawajarudishiwa wengine. Waliobaki 11 bado wanakua, na watajaza nafasi hiyo wenyewe.

Pipa halikuanza kazi siku ya kwanza. Sponji za filta za zamani zilisuuzwa kwa maji ya tangi zikalazwa juu ya vifuniko ili bakteria waliopona wahamie, na chakula kikawa gramu 10 tu kwa siku. Amonia iliisha kabla ya nitriti. Nitriti ilipanda, ikatulazimu kubadilisha maji mara mbili kwa wiki, ikaanza kushuka wiki ya nne, na ilipofika sifuri ndipo chakula kilipoongezwa polepole hadi 30. Tangu hapo umeme umekatika usiku kucha mara moja, betri ikaisha kabla ya alfajiri, na kipimo cha asubuhi kilikuwa sifuri.

Udhaifu uliopo uko kwenye zile sponji mbili za juu. Zinatakiwa kuoshwa kila wiki kwa ndoo ya maji ya tangi, na zikisahauliwa zinaziba, maji yanakwenda kwenye bomba la dharura linaloshuka moja kwa moja kwenye sampu bila kupita kwenye vifuniko. Filta inaonekana inafanya kazi huku haifanyi. Nimelikata bomba hilo lidondoshe maji kutoka juu, yaangukie kwenye sampu kwa kishindo, na mtu yeyote anayeingia stoo kuchukua mashuka ayasikie. Pampu ya akiba bado haijanunuliwa.